Sampuli za udongo kwenye sheli inayoshukiwa kuvuja: mwongozo kamili wa kazi ya uwanjani

Jirani amechota maji ya kisima yakanuka petroli. Au sheli inauzwa, na mnunuzi hataki kurithi uchafu wa mmiliki wa zamani. Au matangi yamechakaa, yanafukuliwa, na mamlaka ya mazingira inataka kujua hali ya ardhi iliyokuwa chini yake. Kazi hizi zote huishia kwenye vichupa vya udongo vinavyopelekwa maabara, na karatasi ya majibu ambayo watu wataitumia kuamua mambo ya fedha na ya afya.

Maabara hupima kilichobaki ndani ya kichupa tu. Petroli ni mafuta mepesi. Benzini iliyomo ndani yake, ambayo ndiyo inayohofiwa zaidi kwa sababu husababisha saratani ya damu, ni miongoni mwa vitu vinavyowahi kuruka hewani. Donge la udongo likiachwa juu ya turubai jua la saa saba mchana, Dar es Salaam, benzini yake huanza kuondoka wakati wewe bado unatafuta kalamu. Ndiyo maana uzembe katika kazi hii huegemea upande mmoja: hufanya ardhi chafu ionekane safi. Hatua zote zinazofuata zinalenga kuzuia hilo.

Hatua ya kwanza: maswali kabla ya chepe

Matangi ni mangapi, yalizikwa lini, yana mafuta gani, mabomba yanapita wapi? Omba daftari la vipimo vya kijiti (kile cha kupimia kina cha mafuta tangini) na ulilinganishe na mauzo ya pampu. Upungufu unaojirudia mwezi hata mwezi kwenye tangi lile lile ni dalili nzito kuliko harufu. Kisha kaa na wahudumu wa pampu wa siku nyingi, na mzee anayelinda geti. Hao ndio wanaokumbuka tangi la zamani lililojazwa mchanga likaachwa pale pale, au siku mafuta yalipofurika wakati lori linashusha. Mchoro wa kituo mara nyingi hauna habari hizo.

Zunguka eneo lote ukiwa na karatasi. Weka alama mahali lori linaposhushia mafuta, kila maungio ya bomba, chini ya kila pampu, ncha zote mbili za kila tangi, chemba ya kutenganisha mafuta na maji, tangi la jenereta, na shimo la oili chafu kama kuna gereji. Sehemu ya kushushia ndiyo huwa imekunywa zaidi: kila mpira unapofunguliwa kuna matone, na matone ya miaka 20 si kidogo.

Aina ya mafuta ndiyo inayoamua vipimo vya kuagiza. Kwa petroli: benzini, toluini, ethilibenzini, zailini, naftalini, na jumla ya hidrokaboni nyepesi za kaboni 6 hadi 10. Kwa dizeli: hidrokaboni za kaboni 10 hadi 28, pamoja na zile zenye pete nyingi. Penye oili chafu ongeza metali. Kama kituo kilikuwepo kabla ya 2006 ongeza risasi, kwa sababu ni mwanzoni mwa mwaka huo nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoachana na petroli yenye risasi, na risasi haiozi wala hairuki.

Tanzania kazi hii iko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na viwango vya ubora wa udongo vipo kwenye kanuni za 2007. Wajulishe mapema NEMC, wasimamizi wa mazingira, na EWURA, wadhibiti wa nishati, kwa kuwa kituo ni cha mafuta. Kenya wenye kazi hizo ni NEMA na EPRA. Muulize mapema yule atakayeipokea ripoti ni viwango gani anataka vitumike, maana vya makazi na vya viwandani havifanani.

Hatua ya pili: jua udongo uliosimama juu yake

Mafuta hushuka wima hadi yakute kitu cha kuyazuia, halafu hutambaa pembeni. Kwenye mchanga wa pwani yanashuka haraka na kufika kwenye maji. Petroli ina uzito wa takriban kilo 0.75 kwa lita, kwa hiyo huelea juu ya maji ya ardhini. Masika maji yanapanda nayo, kiangazi yanashuka nayo, hivyo petroli inaupaka udongo ukanda mzima katikati ya vina hivyo viwili. Ukanda huo usikosekane kwenye sampuli zako, hata kama siku unayochimba maji yako chini zaidi.

Udongo mweusi wa mbuga hupasuka kiangazi. Mafuta huingia kwenye nyufa, na unaweza kukuta kipande kimoja kimelowa na kingine, sentimita chache pembeni, hakina kitu. Kwenye mawe ya matumbawe ya Mombasa na Unguja ni vigumu zaidi, kwa sababu mafuta hufuata mapango na mipasuko bila kujali mteremko wa juu. Hapo sampuli za udongo peke yake hazitoshi. Panga pia kupima maji ya visima.

Mwaka 2015 bomba la mafuta la Mombasa–Nairobi lilivuja Thange, Kibwezi, kaunti ya Makueni, na mafuta yakafuata bonde hadi kwenye mto na visima vya wakulima. Sheli ni ndogo kuliko bomba la taifa, lakini mwendo wa mafuta ni ule ule. Ukichimba penye tundu tu hutaona yalikokwenda.

Hatua ya tatu: usalama

Mvuke wa petroli hushika moto ukifika takriban asilimia 1.4 ya hewa. Weka kipima gesi kwenye mdomo wa shimo, na kikifika asilimia 10 ya kiwango hicho cha kuwaka, simamisha kazi, sogea upande upepo unakotoka, subiri. Simu zizimwe. Jenereta ikae mbali, na isiwe upande ambao upepo unaelekea ukitoka shimoni. Zuia lori lisishushe mafuta saa za kuchimba, na mtungi wa unga wa kuzimia moto uwe karibu.

Mvuke huu ni mzito kuliko hewa, unajaa shimoni kutoka chini kwenda juu. Mtu asiingie kwenye shimo la tangi kuchukua sampuli, hata kwa dakika moja, hata akishikwa kamba. Na udongo usinuswe. Harufu ikikufikia yenyewe iandike kwenye daftari, lakini usiinamishe pua juu ya donge.

Kabla ya mashine yoyote, chimba kwa mkono hadi mita 1.2 kila shimo. Ndani ya kina hicho ndimo zinamopita nyaya za umeme, mabomba ya maji na mara nyingi mabomba ya mafuta yenyewe. Kutoboa bomba zima ukitafuta uvujaji ni kuzalisha uvujaji mpya.

Hatua ya nne: mashimo yakae wapi, yaende kina gani

Kwa sheli ya kawaida ya mjini, matangi matatu na visiwa viwili vya pampu (majukwaa zinaposimama pampu), mimi hupendekeza kuanza na mashimo manane: mawili kwenye ncha za eneo la matangi, moja penye kushushia, moja kwa kila kisiwa, moja kando ya chemba, moja mpakani upande wa mteremko, na moja upande wa juu ambako mafuta hayakutarajiwa kufika. Hilo la mwisho wateja hupenda kulifuta wapunguze gharama. Usikubali. Majani yaliyooza na mboji vinaweza kuonekana maabara kama hidrokaboni nzito, na bila sampuli ya udongo wa asili wa eneo hilo hutajua kipi ni dizeli na kipi ni ardhi yenyewe.

Kuhusu kina, kumbuka kitako cha tangi mara nyingi kiko mita 3 hadi 4 chini. Shimo la mita 2 pembeni mwa tangi halisemi chochote kuhusu tangi hilo. Teremka angalau mita moja chini ya kitako, au hadi ukanda wa maji. Kwenye pampu na mabomba, anzia nusu mita na uendelee mpaka kipimo cha mvuke (tazama hatua ya sita) kitulie kwenye vina viwili mfululizo.

Keekee ya mkono inafaa hadi mita 3 hivi kwenye udongo ulioshikana. Kwenye mchanga ulio chini ya maji shimo hujiporomokea. Kilicho bora ni mashine inayosukuma bomba lenye mrija wa plastiki ndani, kwa kuwa udongo hutoka ukiwa nguzo nzima. Usiruhusu mchorongaji atumie grisi ya petroli kwenye nyuzi za bomba, na akichoronga mwamba kwa upepo wa kompresa ujue mvuke umepeperushwa, sampuli hiyo haifai kupima benzini.

Hatua ya tano: kujaza kichupa

Hapa ndipo kazi yote inaposimama au kuanguka. Andaa meza kivulini, vichupa vikiwa vimepangwa na lebo zimeandikwa, kabla mrija haujatoka ardhini. Kutoka mrija unapopasuliwa hadi kifuniko kinapokazwa, lenga dakika mbili.

Njia inayotegemewa kwa benzini na wenzake ni methanoli, kiyeyushi kinachoishika benzini isiruke. Maabara hukupa vichupa vidogo vyenye methanoli ndani, vilivyopimwa uzito tayari. Vaa glovu mpya za naitraili (za mpira wa kawaida hupenyeza mafuta) na ufuate hivi:

1. Pasua mrija kwa urefu. Kwangua sentimita moja ya juu ya udongo kwa kisu safi, maana hiyo imeshaburuzwa kwenye ukuta wa shimo na imeshaonja hewa.
2. Chukua bomba la sindano la plastiki lisilo na sindano, ncha yake ikiwa imekatwa liwe wazi kama mrija. Lisukume kwenye udongo uliokwanguliwa likate kipande cha takriban gramu 5. Kwa udongo mwingi hicho ni kama mililita 3, lakini pima kipande cha majaribio kwenye mizani ndogo kila aina ya udongo inapobadilika.
3. Kisukume kipande ndani ya kichupa taratibu, methanoli isiruke. Udongo wote uzame.
4. Futa mdomo na nyuzi za kichupa. Chembe moja ya mchanga kwenye nyuzi inatosha kuacha mwanya wa mvuke.
5. Kaza, kizungushe kwa upole, kiweke kwenye barafu.

Usibandike lebo ya ziada wala selotepu kwenye kichupa hicho. Uzito wake wa awali umeandikwa na maabara, na watapata kiasi cha udongo wako kwa kuutoa uzito huo kwenye uzito mpya. Andika kwa kalamu ya wino wa kawaida au penseli, si maka pen, kwa sababu wino wa maka una viyeyushi vya jamii ile ile unayoitafuta.

Kutoka kwenye kina hicho hicho jaza kopo la kioo cheusi, kifuniko chenye utando wa Teflon, hadi ukingoni pasibaki hewa, kwa ajili ya dizeli. Jaza kingine kidogo cha kupimia unyevu. Hiki husahaulika sana, na bila yake maabara haiwezi kukupa majibu kwa uzito wa udongo mkavu, kwani udongo uliozama kwenye methanoli haupimiki unyevu.

Baadhi ya maabara hutoa vichupa vyenye sodiamu baisalfeti, ambayo ni asidi, badala ya methanoli. Pwani visikubaliwe kabla ya kujaribu kwanza. Udongo wa matumbawe una chokaa, na chokaa ikikutana na asidi hutoa mapovu, mapovu yanabeba benzini yanaondoka nayo. Dondosha asidi kidogo kwenye udongo wa pembeni: ukitoa povu, tumia methanoli.

Usichanganye udongo wa mashimo mawili au vina viwili kuwa sampuli moja ili kuokoa ada ya maabara. Kuchanganya ni kuukoroga udongo hewani, na mvuke unakwisha kwenye beseni. Hata ukibaki, kipande kichafu kinamezwa na vitatu visafi.

Hatua ya sita: kipima mvuke

Baada ya vichupa kufungwa, si kabla, weka udongo uliobaki kwenye mfuko wa zipu hadi nusu, funga, uponde kwa vidole ukiwa nje ya mfuko, uache kivulini dakika 10. Kisha toboa kwa ncha ya kipima mvuke chenye taa ya elektroni-volti 10.6, na uandike namba ya juu kabisa inayotokea. Kila mfuko upewe muda ule ule na kivuli kile kile, la sivyo namba hazilinganishiki. Kifaa kisahihishwe kila asubuhi kwa gesi ya isobutilini, kwa kawaida ya sehemu 100 kwa milioni, na kihakikiwe tena mchana. Hewa yenye unyevu mwingi hushusha usomaji.

Namba hiyo haikuambii kuna benzini kiasi gani, na kwa dizeli huwa ndogo hata udongo ukiwa umelowa. Kazi yake ni kuchagua. Kwa kuwa ulishajaza vichupa kwa kila kina kabla ya kujua usomaji, sasa unapeleka maabara vile vya kina chenye namba kubwa kuliko vyote, vya ukanda wa maji, na vya chini kabisa palipoonekana pasafi. Vingine vinabaki bila kulipiwa. Gharama ya vichupa vya ziada ni ndogo sana ukilinganisha na kurudisha mashine ya kuchoronga. Udongo wa kwenye mfuko haupelekwi maabara kamwe.

Andika pia unachokiona: rangi, unyevu, mchanga au mfinyanzi, kina cha kila badiliko. Udongo uliokaa na mafuta muda mrefu bila hewa mara nyingi hugeuka kijivu au kijani hafifu, na mpaka wa rangi hiyo unaonyesha mafuta yalikofika. Pima nafasi ya shimo kwa futi kamba kutoka kona mbili za jengo, pamoja na GPS.

Hatua ya saba: uhakiki, usafi na safari

Kati ya kila kina na kingine, sugua kisu na keekee kwa brashi na sabuni isiyo na fosfeti, suuza kwa maji safi, malizia na maji yaliyochujwa kwa mvuke. Anza mashimo unayodhani ni masafi, maliza na machafu.

Chukua sampuli pacha (ya pili kutoka mahali na kina kile kile) moja kwa kila 10. Beba kichupa cha methanoli kisichofunguliwa kisafiri na vingine kwenda na kurudi. Kikikutwa na benzini, ujue imeingia njiani na majibu yote yana shaka. Hilo hutokea kwa sababu za kawaida kabisa: deli la barafu limewekwa nyuma ya pikapu pamoja na galoni la petroli ya jenereta, au dereva amejaza mafuta kisha akashika vichupa kwa mikono ile ile.

Barafu ifungwe kwenye mifuko miwili, maji yake yasiingie kwenye makopo. Joto la deli libaki karibu nyuzi 4. Fomu ya makabidhiano iende na sampuli, kila anayepokea atie sahihi, tarehe na saa, akiwemo wa ofisi ya mizigo ya basi kama unatuma kutoka mkoani. Vichupa vya methanoli vina siku 14 za kupimwa, na makopo ya dizeli yana siku 14 hadi udongo wake utolewe mafuta. Methanoli ni sumu na inawaka, hivyo ndege haiibebi kama mzigo wa kawaida. Ukitegemea maabara ya nchi nyingine, panga usafiri huo kabla ya kuchimba.

Matangi yanapofukuliwa

Hapa huna haja ya kuchoronga, ila kishawishi cha kushuka shimoni ni kikubwa. Mwambie mwendesha mashine achote udongo wa asili, nusu mita hivi chini ya mchanga uliozunguka tangi, chini ya kila ncha. Bakuli la mashine likifika juu, kwangua na ukate kipande katikati yake, mbali na chuma. Rudia kwenye kuta za shimo, na chini ya mtaro wa bomba kila mita 5 hadi 6, hasa penye maungio.

Kuziba

Shimo lililoachwa wazi ni mfereji wa kupeleka mafuta kwenye maji. Lizibe kwa bentonaiti (mfinyanzi unaovimba ukilowa), ukiimwagilia maji tabaka kwa tabaka, kisha zege juu. Udongo uliotoka usirudishwe. Utie kwenye pipa lenye lebo, upelekwe na mwenye kibali cha taka hatarishi.

Kusoma majibu

Angalia kwanza kama matokeo ni miligramu kwa kilo ya udongo mkavu. Pili, tazama alama ya "<". Kama kiwango unacholinganisha nacho ni 0.3 na maabara imeandika "<0.5", hujajibiwa, hata kama safu nzima inaonekana safi. Tatu, linganisha sampuli pacha. Udongo haufanani, na tofauti ya mara mbili si ajabu, lakini ya mara kumi inahitaji maelezo. Nne, weka usomaji wa kipima mvuke pembeni ya majibu. Mahali kifaa kilipolia sana na maabara ikakuta sifuri kwenye petroli, tatizo liko kwenye kichupa, na shimo hilo lirudiwe. Omba pia grafu yenyewe ya mashine, si jumla tu: petroli hujitokeza mwanzoni mwake na dizeli baadaye, na kwenye kituo chenye mafuta yote mawili hiyo ndiyo njia ya kujua ni bomba gani la kufukua.

Usidharau namba ndogo za benzini karibu na maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.01 kwa lita ya maji ya kunywa. Lita moja ya petroli yenye benzini asilimia 1 ya ujazo ina ya kutosha kufikisha takriban lita 870,000 za maji kwenye kikomo hicho.

Majibu yakionyesha benzini kwenye ukanda wa maji, usisubiri ripoti ikamilike. Siku hiyo hiyo mwandikie mwenye kituo na mamlaka ya mazingira, kisha orodhesha visima vyote upande wa mteremko, navyo vichukuliwe sampuli. Wanaovitumia waambiwe wasinywe wala wasipikie maji hayo mpaka yapimwe. Kuchemsha hakutoshi, na mvuke wake unajaa jikoni. Bajeti ya kuwaletea maji mengine iwepo kwenye mkataba tangu siku unapoanza kazi.